Mtoto wetu alilala popote, isipokuwa kitandani kwake

Wazazi wanaonifuata kuzungumzia jambo hili huwa wanashusha sauti kwanza. Wanatazama kama kuna mtu karibu, ndipo wanasema: halali. Yaani analala, lakini si kitandani kwake. Analala kifuani. Analala kwenye mbeleko. Analala garini, mradi gari linatembea. Ukimlaza kitandani tu, macho kodo. Huwa nawaelewa kabla hawajamaliza, maana nilipitia huko na binti yetu wa kwanza, na najua swali wanaloogopa kuulizwa: sasa usiku nyinyi mnalala wapi?

Ningependa mtu angeniuliza hivyo mapema, bila kunihukumu. Wengi waliniuliza mtoto analalaje. Karibu hakuna aliyeuliza nani anakesha, amekesha tangu lini, na akisinzia anasinzia akiwa amekaa wapi. Leo naamini hapo ndipo pa kuanzia. Suala la kumfundisha mtoto kukipenda kitanda linaweza kusubiri wiki kadhaa, lakini usalama wa usiku huu hausubiri.

Kitanda chake kilikuwa ubavuni mwa kitanda chetu, ningeweza kumgusa bila kuinuka. Godoro gumu lililojaa fremu barabara, shuka moja iliyokazwa, hakuna mto wala mdoli. Kila tulichofundishwa kliniki tulikitimiza. Anayonya, anasinzia, mdomo unaachia titi, vidole vinakunjuka. Nasubiri kidogo, nainuka polepole, nainama, na kabla mgongo haujafika kwenye shuka mikono yote miwili inarushwa hewani, uso unakunjamana, kilio. Nikimrudisha kifuani ananyamaza papo hapo na kulala tena. Tunaanza upya. Hivyo hadi alfajiri, na mchana vivyo hivyo.

Shangazi yangu alikuja kunisaidia, mtu mwenye moyo mzuri aliyelea watoto wengi, akaniambia, "Mwanangu, umeshamzoesha mikono. Huyo sasa atakutawala." Sikumjibu, kwa heshima na kwa uchovu. Lakini maneno yake yaliniingia, na kwa siku kadhaa nilimtazama mtoto wa wiki chache kama mtu anayenitega. Mama anayesoma haya, usikubali mawazo hayo yakukae. Mtoto wa umri huo hana uwezo wa kupanga hila. Kwa miezi tisa aliishi mahali penye joto lisilobadilika, akitikiswa kila unapotembea, akisikia moyo wako usiku na mchana, hajawahi kuwa peke yake hata dakika moja. Kisha tunamlaza chali, mahali palipotulia tuli, pa baridi kuliko kifua, tukitegemea ashukuru.

Mwili wake pia haujajipanga. Mtoto mchanga hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku nzima, lakini kwa vipande vifupi, kwa sababu anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24. Saa ya mwili inayotenganisha usiku na mchana huanza kushika kati ya mwezi wa pili na wa nne. Na kule kurusha mikono anapoinamishwa ni silika anayozaliwa nayo. Inaitwa mshtuko wa Moro, kwa jina la daktari wa watoto Ernst Moro aliyeieleza mwaka 1918: mtoto akihisi anaanguka, mikono hufunguka kisha hujikunja kama anayetaka kumshika mtu. Hupungua taratibu na kwa kawaida huwa imetoweka anapofikisha miezi sita hivi. Nilipolijua hilo uchovu ulibaki palepale, ila hasira iliondoka.

Sasa nieleze kuhusu kochi, kwa sababu ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Nilikuwa nimeambiwa mara nyingi nisilale na mtoto kitanda kimoja. Basi kila nilipohisi usingizi unanizidi, nilitoka chumbani na kwenda kukaa sebuleni kwenye kochi, nikiamini kwamba nikiwa nimeketi nitakaa macho. Baba yake alikuwa amelala, kesho yake ana kazi, sikutaka kumwamsha. Nilimpakata mtoto, akatulia, nyumba ikawa kimya. Kilichonizindua ni mikono ya baba yake ikimwinua. Alikuwa ameteleza kutoka kifuani, amekaa katikati ya mkono wangu na mto wa kochi, uso umeelekezwa kwenye kitambaa. Alikuwa mzima, anapumua vizuri, wala hakuamka. Mimi nilitetemeka hadi kulipopambazuka.

Nesi wa kliniki alinisikiliza hadi mwisho bila kunikemea, kisha akanionyesha mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, waliouhuisha mwaka 2022. Unasema kulala na mtoto mchanga kwenye kochi au kiti laini huongeza hatari ya kifo usingizini hadi mara 67. Kochi lina mwinamo, lina mianya, lina mito inayobonyea, na mtu mzima akilegea mtoto huteleza na kubanwa mahali ambapo hawezi kugeuza uso. Mwongozo huohuo haushauri kulala na mtoto kitandani, lakini unaongeza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa: ukiona kuna uwezekano wa kupitiwa na usingizi wakati wa kunyonyesha, kitanda cha mtu mzima kilichoondolewa mito na mablanketi kina hatari ndogo kuliko kochi, na ukizinduka tu umrudishe mtoto mahali pake. Kumbe juhudi zote zile za kutoka chumbani zilikuwa zikitupeleka mahali pabaya zaidi.

Kuanzia siku ile tulipanga usiku kama watu wanaojua kwamba usingizi utawashinda. Baba yake alichukua sehemu ya kwanza ya usiku, mimi nikalala chumba kingine, mlango umefungwa. Mwanzoni sikuweza kulala kwa kumsikilizia, nikawa naziba masikio, na baada ya usiku mchache mwili ulielewa. Kisha tunabadilishana. Aliye zamu anambeba mtoto akiwa wima au anatembea, na kiti akikitaka basi ni cha mbao, kamwe si kochi. Macho yakianza kuwa mazito, anamwamsha mwenzake. Mwenzake akishindwa, mtoto analazwa chali kitandani kwake hata kama atalia. Hili lilikuwa gumu kwangu kulipokea, lakini liko wazi: mtoto anayelia akiwa chali kwenye godoro gumu yuko salama, na mtoto aliyetulia juu ya mtu aliyepitiwa na usingizi hayuko salama.

Tulitayarisha na kitanda chetu pia, kwa sababu kupanga zamu hakumaanishi hutasinzia. Godoro letu lilikuwa gumu kiasi. Tukalisogeza mbali na ukuta ili pasiwe na mwanya wa kumbana, mito na blanketi zikaenda upande wa pili, nikawa nafunga nywele, nikavaa nguo isiyo na kamba. Mwanaanthropolojia James McKenna wa Chuo Kikuu cha Notre Dame alitumia miaka mingi kuchunguza akina mama wanaonyonyesha wakiwa wamelala na watoto wao, na anaona kwamba mama asiyevuta sigara, asiyelewa, anayenyonyesha, hulala ubavuni kwa namna inayomkinga mtoto na huamka naye mara kwa mara. Madaktari wengi hawakubaliani naye. Nimesoma pande zote mbili na msimamo wangu ni huu: mahali bora pa mtoto ni kitandani kwake, ndani ya chumba cha wazazi, angalau kwa miezi sita ya kwanza, na kitanda cha wazazi kiandaliwe kwa ajili ya usiku utakaowashinda. Lakini kuna nyumba ambazo hata akiba hiyo haifai. Kama mmoja wenu anavuta sigara, amekunywa pombe, ametumia dawa yoyote inayolevya au kuleta usingizi, au kama mtoto alizaliwa kabla ya wiki 37 au akiwa na uzito chini ya kilo 2.5, msilale naye kabisa. Na chini ya miezi minne hatari ni kubwa zaidi kwa kila mtoto.

Kulala chali si jambo la kujadiliana hata kidogo. Wapo watakaokwambia analala vizuri zaidi kifudifudi, na ni kweli, hulala fofofo. Hilo ndilo tatizo lenyewe, kwa sababu ni vigumu kwake kuzinduka pumzi inapopungua. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Usiku niliokuwa hoi kabisa nilijaribiwa kumgeuza. Takwimu hiyo ndiyo iliyonizuia.

Kuhusu vitu vya kununua, nitasema kwa ukali kidogo. Mtu asiyelala hununua chochote kinachoahidi usingizi, na wauzaji wanalijua hilo. Tulitumia fedha nyingi. Tulipata kitanda cha bembea kilichoinama, na binti yetu alilala humo kwa raha, tukashangilia. Nesi akatuambia tukiondoe. Mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo dhaifu: akilala mahali palipoinama, kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa hujikunja, bila sauti yoyote ya kukuamsha. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 inayopiga marufuku kuuza vitanda vya watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10, pamoja na ile mito inayozungushiwa kingo za kitanda. Kiti cha gari ni hivyohivyo: ni kinga yake safarini, lakini mkifika mtoeni mumlaze mahali tambarare, hata kama ataamka na kulia. Vile viota laini vyenye kingo, magunia ya kulalia yaliyotiwa uzito, mito ya kumshikilia asigeuke, vyote hivyo acheni dukani.

Kitu kimoja tu kiliturudishia thamani yake, nacho ni mbeleko. Mchana nilimbeba, nikapata mikono yangu miwili. Mtoto mdogo namna hiyo abebwe kifuani, wima, uso unaonekana wakati wote, pua na mdomo viko wazi, kidevu hakijagusa kifua chake, na awe juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unaweza kumbusu utosini. Usilale naye akiwa ndani ya mbeleko.

Ilikuwa mwezi wa pili ndipo tulipoanza kumlaza kwa mafanikio, na kilichosaidia zaidi ni kuelewa usingizi wake ulivyo.

Mtu mzima akilala huanza na usingizi mzito. Mtoto mchanga huanza kinyume: anaingia kwanza katika usingizi mwepesi, wa kuweweseka. Kope zinacheza, anatabasamu, anakunja uso, pumzi zinakwenda haraka kisha zinasita, vidole vinarukaruka. Nusu ya usingizi wake wote ni wa namna hii. Mimi nilikuwa nikimwona amefumba macho, namlaza palepale, naye yuko bado mang'amung'amu. Inachukua takriban dakika 20 kufika kwenye usingizi uliotulia. Dalili yake utaiona mkononi: inua mkono wake kidogo uuachie, ukianguka kama kitambaa kilicholowa, amefika. Pumzi nazo huwa za mpangilio, uso umetulia.

Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN nchini Japani, akiwemo Kumi Kuroda, walichapisha utafiti ambao ningeubandika ukutani kwa kila mzazi mpya. Walipima mapigo ya moyo ya watoto wakati mama wakitembea nao, wakiketi nao na wakiwalaza. Kumbeba mtoto anayelia na kutembea naye kwa dakika 5 kulituliza wengi, na baadhi walilala. La kushangaza lilikuwa upande wa kulaza: moyo haukuanza kwenda mbio mtoto alipogusa godoro. Ulianza pale mwili wake ulipoanza kuachana na mwili wa mama. Ushauri wao ulikuwa kutembea naye dakika 5, kisha kuketi naye ametulia dakika 5 hadi 8 nyingine, ndipo umlaze. Niliposoma hivyo niliacha kukilaumu kitanda. Nilikuwa nimeshabadilisha godoro, nimeshabadilisha shuka, nimeshahamisha kitanda upande mwingine wa chumba, kumbe alichokuwa akikikataa ni kuachwa.

Basi nikawa namlaza bila kumwachia. Ninainama pamoja naye, kifua changu kikiwa kwake hadi dakika ya mwisho. Miguu inatangulia, kisha makalio, kisha mgongo, kichwa mwisho kabisa, maana kichwa kikitangulia ndipo anapohisi anaanguka. Mkono mmoja unabaki kifuani kwake, mwingine umeshika mikono yake miwili pamoja. Nasubiri. Nikiondoa mkono, naondoa uzito kwanza, kisha kiganja, kisha vidole. Mgongo utauma, usijidanganye. Wiki za mwanzo tulimfunga na kitambaa chepesi mikono ikiwa ndani, nyonga na miguu vikiwa huru, akiwa chali. Kinasaidia sana dhidi ya ule mshtuko. Lakini dalili ya kwanza ya kutaka kujigeuza, ambayo kwa watoto wengi huja kwenye mwezi wa tatu au wa nne, kitambaa kinaachwa siku hiyohiyo, kwa sababu aliyefungwa akijigeuza kifudifudi hana mikono ya kujisaidia.

Hatukujaribu usingizi wote kwa pamoja. Tulichagua ule wa kwanza wa usiku tu, kwa sababu wakati huo hamu ya usingizi imekomaa na mtoto ana uvumilivu zaidi. Usingizi mwingine wote aliendelea kulala kifuani na mbelekoni, na sikuona haya. Ule mmoja ulipokamatika, tukaongeza wa pili. Usingizi wa mchana ulichelewa sana kuja, na nadhani mzazi aliyechoka anaweza kuuacha kabisa mpaka mtoto awe mkubwa kidogo.

Jambo lingine ambalo ningemwambia kila mtu: usimnyanyue kwa kila sauti. Watoto wachanga wana kelele usingizini. Wanaguna, wanakoroma, wanalia kidogo huku macho yamefumbwa. Baba yake alikuwa na subira kuliko mimi. Yeye angesimama pembeni, mkono uko tayari, anasikiliza, na mara nyingi mtoto alijirudia mwenyewe. Mimi ningekuwa nimeshambeba na kumwamsha kabisa.

Kuna wakati nilishawishika kwamba ana ugonjwa. Alikuwa anacheua maziwa mara kwa mara na kujinyonganyonga akilazwa. Daktari alimpima uzito, akaona anaongezeka vizuri, akaniambia kucheua ni kawaida na kwa watoto wengi huzidi kwenye mwezi wa nne kisha hupungua. Alinikataza kuinua upande wa kichwa wa kitanda, kwa sababu hakuzuii maziwa kurudi na mtoto huteleza chini. Alitushauri kumshika wima muda kidogo baada ya kunyonya. Lakini kama mtoto haongezeki uzito, anatapika kwa nguvu kama mshale, anatapika kitu cha kijani au chenye damu, anakataa kunyonya, anapumua kwa shida, au ana homa kabla ya kufikisha miezi mitatu, achaneni na habari za kitanda na mumpeleke hospitali mara moja. Na mzazi anayehisi tu kwamba kuna kitu hakiko sawa aende, hata kama dalili hizo hazipo.

Kisha ukaja mwezi wa nne. Tulikuwa tumeshaanza kupumua, analala kitandani kwa vipande virefu, na ghafla akarudi nyuma, wakati mwingine vibaya kuliko mwanzo. Niliketi sakafuni nikalia. Baadaye nikaelewa kwamba karibu na umri huo usingizi wa mtoto hubadilika na kufanana zaidi na wetu. Anapita mizunguko, na mwisho wa kila mzunguko anazinduka kidogo. Akizinduka anatafuta hali ile aliyokuwa nayo alipolala: kama alilala akinyonya, anatafuta titi, kama alilala akitikiswa, anatafuta mikono. Hapo ndipo kumlaza akiwa bado macho yanasinzia kunapoanza kuwa na maana. Kabla ya umri huo tulilijaribu na lilitupotezea usiku tu.

Tulifanya polepole. Nilimnyonyesha mapema zaidi, taa ikiwa inawaka, kisha nepi, kisha maneno yaleyale kila usiku, kisha kitandani akiwa anaona anakopelekwa. Mchana nilimweka humo kwa muda mfupi akiwa na furaha, nikikaa naye, ili asipajue kama mahali pa kuachwa tu. Akilia namwekea mkono. Akizidi namwinua, anatulia, namrudisha. Baadaye mkono ukawa pembeni, baadaye nikaketi kitandani kwangu, baadaye sauti tu. Kuna wazazi wanaochagua kumwacha alie kwa muda uliopangwa huku wakiingia na kutoka. Watafiti wa Australia waliwafuatilia watoto waliofundishwa kulala kwa njia za taratibu hadi walipofika miaka sita, wakachapisha matokeo mwaka 2012: hawakuona madhara kwa mtoto wala kwa uhusiano wake na mzazi. Sisi hatukuchagua njia ya kumwacha alie kwa sababu mimi sikuiweza, na simlaumu aliyeiweza. Ila si ya mtoto mchanga. Kabla ya miezi minne hadi sita mtoto bado anahitaji kuitikiwa na kulishwa usiku.

Gharama haikuwa ya fedha tu. Nilipata maumivu makali chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu ya kumwinua na kumshika kwa namna ileile saa nyingi. Daktari aliniambia huwapata akina mama wengi, akanipa kifaa cha kushikiza mkono, na akanifundisha kumwinua kwa viganja badala ya kumning'iniza kwenye gumba. Baba yake na mimi tuliacha kuzungumza mambo mengine yote. Tuligombana saa za usiku wa manane kuhusu nani alilala zaidi, hadi tukakubaliana kwamba jambo lolote linalosemwa kati ya usiku wa manane na alfajiri halihesabiki, wala halijadiliwi asubuhi. Iliokoa mengi.

Na akili yangu iliyumba. Kulia ovyo katika wiki mbili za kwanza huwapata wazazi wengi na hupita. Kwangu haikupita. Nilifika mahali ambapo hata mtoto akilala mimi sikuweza kulala, nikabaki kumwangalia kama anapumua, na asubuhi sikuhisi chochote. Dada yangu mkubwa ndiye aliyeona. Alikuja, akaniangalia usoni, akasema, "Mdogo wangu, hii si usingizi tu. Twende tukamwone daktari." Tulikwenda, na nilitibiwa, na ninamshukuru hadi leo. Kama zimepita wiki mbili na bado uko gizani, au unawaza kujidhuru wewe au mtoto, mwambie mtu leo. Mtoto asiyelala kitandani anaweza kuwa mzima kabisa huku mama yake akihitaji tiba.

Dada alinifunza pia namna ya kuomba msaada. Wageni huja na kusema, "Nikusaidie nini?" nasi tunajibu, "Hamna, karibu tu." Yeye alinitaka niseme neno moja mahususi: "Mshike mtoto, kaa macho, mimi nalala kwa saa mbili." Watu walikubali kwa furaha. Shangazi yuleyule wa "umemzoesha mikono" alimbeba alasiri nzima akimwimbia, na siku hiyo niliamka nikiwa na njaa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Binti yetu alianza kulala kitandani kwake karibu usiku wote kabla hajatimiza mwaka. Hakulala hivyo moja kwa moja. Akiota meno, akiugua mafua, tukilala ugenini, anarudi kutaka kifua, na karibu na miezi minane alipitia kipindi cha kulia kila nilipotoka chumbani. Kila mara tunafanya vilevile: tunampa kifua tukiwa macho, kwa zamu, na homa ikiisha tunaanza tena na usingizi wa kwanza wa usiku. Kurudi huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Ugenini tunafika tukiwa na shuka lake, tunakagua kitanda tunachopewa, kwamba godoro halibonyei, halina mwanya unaopitisha vidole viwili pembeni, na nafasi kati ya fito haizidi sentimita 6. Kisichofaa tunakiacha, tunaweka godoro lake jembamba na gumu sakafuni, mbali na ukuta na kochi, na mmoja wetu analala karibu naye.